Kasoro ya Sheikh Khalfan

Kabla jina la Sheikh Khalfan halijachapishwa popote, michana ilikuwa mitulivu katika nyumba ya Mwalimu Shaikha binti Mahfoudh huko Al Khoudh. Baada ya sala ya adhuhuri na chakula mapazia yalishushwa, viyoyozi vikanguruma, na yeye na shangazi yake, Bi Wadha, wakajinyoosha kila mtu chumbani kwake mpaka alasiri. Hawakuwa na mtu wa tatu. Shaikha alikuwa na miaka thelathini na minane, hakuolewa, wala hakuwa na kinyongo na hilo. Bi Wadha alikuwa anakaribia themanini. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini masikio, kwa maneno yake mwenyewe, yalikuwa bado ya mwanamwali.

Alasiri Shaikha aliwasha gari akaenda kituoni. Kilikuwa kituo kidogo, vyumba vitatu juu ya duka la mapazia, kwa ajili ya watoto walioshindwa kusoma ilhali akili zao timamu. Mwenzake pale alikuwa Mkenya aitwaye Pauline, aliyeisomea kazi hiyo, na yeye ndiye aliyewafundisha wazazi kulitamka neno disleksia. Pauline alikuwa amebandika bango ukutani, lenye picha za watu mashuhuri wa kale: mchoraji wa Kitaliano, mvumbuzi wa taa, mwanasayansi mwenye nywele za kutimka, jemadari mmoja, na marais wawili wa Marekani. Juu yake paliandikwa kwamba wote hao walikuwa na ugumu wa kusoma, na tazama walikofika.

"Nani aliwapima?" Shaikha alimuuliza siku ya kwanza.

Pauline alicheka. "Aki Mwalimu, nani anapima maiti? Wengine walichelewa kuongea, wengine walikuwa na mwandiko mbaya, basi watu wakasema ni hiyo. Lakini angalia vile watoto wanasimama hapo mbele wakiangalia. Hiyo inanitosha."

Kweli walisimama. Na aliyesimama zaidi ya wote alikuwa Zuwena, msichana wa miaka kumi na mmoja, ambaye mama yake alimleta kwa gari kutoka Qurum mara tatu kwa wiki. Zuwena alikuwa na ulimi mwepesi na macho makali, na ukimpa ukurasa wa kusoma alitoka jasho kama mtu aliyepanda mlima. Herufi, alisema, zilikuwa zikimchezea. Nukta ya juu ikishuka chini, ya chini ikipanda juu, na kabla hajaikamata moja, ya pili ishatoroka.

Siku moja ya mwezi wa Machi mwaka 1999 aligeuka kutoka kwenye bango akauliza, "Mwalimu, hawa wote Wazungu. Kwetu hakuna?"

Shaikha alimjibu kuwa lazima wapo. Lakini swali lile lilimfuata mpaka nyumbani.

Katika chumba cha stoo, nyuma ya mapipa ya mchele, lilikuwapo kasha la mninga ambalo Bi Wadha alilivusha kutoka Pemba mwaka sabini na moja, familia ilipohamia Oman. Ndani yake mlikuwa na nyaraka za Sheikh Khalfan, babu yake Bi Wadha mzaa baba. Alikuwa mwanachuoni aliyeulizwa masuala ya mirathi, ndoa na talaka kutoka Mkoani hadi Wete, akajibu kwa barua za Kiarabu na kujiwekea nakala. Alifariki mwaka 1930. Kila mtu katika ukoo alimjua kwa jina na sifa, na hakuna aliyezisoma nyaraka zake, kwa kuwa kila mtu aliamini kwamba mwengine keshazisoma.

Shaikha alitoa nne za juu, za miaka ya mwisho. Alipokaa nazo chini ya taa alishtuka. Yalikuwamo makosa ambayo hata mtoto wa chuoni angeyaonea haya: neno "qadhi" limeandikwa kwa herufi siyo, "sahihi" imeharibiwa mwanzo na mwisho, herufi zimebadilishana nafasi mstari baada ya mstari. Na huyu ndiye bahari ya elimu! Siku zote alikuwa akiona makosa, hiyo ndiyo kazi yake, na hapa yalikuwa mbele yake kwa mkono wa mtu wake wa damu. Hakuutazama wa tano wala wa sita. Alikuwa tayari anamfikiria Zuwena.

Wiki ya pili yake kikatoka kijikaratasi kipya cha kituo. Baada ya wale Wazungu palikuwa na mistari sita: Sheikh Khalfan wa Pemba, mwanachuoni, ambaye nyaraka zake zinaonyesha wazi kwamba aliishi na disleksia, na hata hivyo elimu yake ikawaangazia watu nusu karne.

Zuwena alikisoma mwenyewe, kwa kidole, robo saa nzima. Kisha akaomba auone mmoja wa zile nyaraka. Shaikha akamtolea picha ya ukurasa, na mtoto akaibandika ndani ya jalada la daftari lake. Tangu siku ile akaanza kusoma. Si kwa urahisi, lakini kwa ukaidi, na ukaidi ndio uliokuwa umekosekana. "Kama Sheikh alikuwa akikosea hivi," alimwambia mama yake garini, "basi na mimi naruhusiwa."

Habari haikukaa kituoni. Mwandishi mmoja wa gazeti akaja, akapiga picha, akaandika nusu ukurasa. Saeed, kaka yake Shaikha, aliyekuwa na cheo katika wizara moja kule Maskati, alipiga simu akiwa na furaha. Wakubwa zake walimpongeza kwa babu yake.

Jioni ile Shaikha alimsomea Bi Wadha gazeti sebuleni. Alilitafsiri kwa Kiswahili, polepole, akitarajia tabasamu. Bi Wadha alikaa kitako juu ya msala wake, tasbihi mkononi, na kadiri maneno yalivyosomwa ndivyo vidole vyake vilivyosimama.

"Rejea hapo," alisema.

Shaikha akarejea. "'Akili yake haikuweza kuzishika herufi kama akili za wengine.'"

"Nani kakwambia hayo?"

"Hakuna aliyeniambia, shangazi. Nimeona mwenyewe katika nyaraka. Si aibu, ni maumbile tu."

Bi Wadha alijizoazoa, akashika ukuta, akaenda chumbani kwake, na chakula cha usiku hakukigusa.

Kuanzia kesho yake mchana wa nyumba ile ukaharibika.

Kwanza ilikuwa ni Bi Wadha peke yake. Shaikha alikuwa amelala alipomsikia akisema na mtu ukumbini, kwa sauti ya chini, ya kubembeleza: "Mwambie apumzike. Mkono utamuuma." Alipotoka alimkuta bibi amesimama mbele ya mlango wa stoo, kiganja juu ya ubao.

"Shangazi, unazungumza na nani?"

"Keshaanza tena," Bi Wadha alisema. "Husikii?"

Shaikha alisikia kiyoyozi. Akamshika mkono akamrudisha kitandani, na moyoni akasema umri huo, na wiki ijayo nitampeleka kwa daktari. Daktari alimpima presha na sukari, akasema ana nguvu kuliko watu wa miaka sitini. Mchana ule ule bibi akasimama tena pale mlangoni. Na kesho yake. Akawa hali ila vijiko viwili vya uji, na shingo yake ikaanza kuonyesha mishipa.

Shaikha mwenyewe alisikia mwezi wa Juni, siku umeme ulipokatika. Joto lilikuwa la kuua ndege. Viyoyozi vyote vilikufa kwa pamoja, na kimya kikashuka ndani ya nyumba kama kitambaa kizito. Akasikia katikati ya kile kimya kitu kinakwaruza. Kikavu, chepesi, kikienda na kusita, kikienda na kusita. Akafikiri ni panya. Lakini panya hasiti kwa mpango. Kile kilisita kama anavyosita mtu anayechovya kalamu ya utete katika kidau cha wino, akaikung'uta, akaendelea.

Aliondoka kitandani peku. Ukumbini Bi Wadha alikuwa amekwisha kuketi sakafuni, mgongo ukutani, kama mtu anayesubiri mgonjwa wake.

"Sasa unasikia," alisema, bila kuuliza.

Shaikha alitikisa kichwa kukubali. Akasogea mlangoni, na alipotega sikio akatambua kuwa kabla ya kila mkwaruzo palikuwa na kitu kingine, mvumo mzito, kama sauti ya mwanamume inayosikika kupitia kuta mbili. Mvumo, kisha mkwaruzo. Mvumo, kisha mkwaruzo.

"Anasema mmoja," Bi Wadha alinong'ona, "anaandika mwengine."

Shaikha aliufungua mlango kwa nguvu. Mapipa ya mchele, feni mbovu, kasha limefungwa. Hewa ilinuka wino na moshi wa karafuu, halafu umeme ukarudi, viyoyozi vikanguruma, na harufu ikatoweka kama haikuwapo.

Hakulala tena mchana ule. Alilikokota kasha mpaka sebuleni akaitoa kila karatasi, mia na kitu, akazipanga sakafuni kwa miaka. Alifanya sasa kile alichopaswa kukifanya mwezi wa Machi, kile ambacho angemfanyia mtoto yeyote kabla ya kumwambia mama yake neno lolote: alichukua kalamu na daftari akayaandika makosa yote, moja moja, na aina yake.

Mpaka mwaka 1917 hapakuwa na kosa hata moja. Mwandiko ulikuwa mkubwa, umelala kushoto, wa mtu mwenye haraka na uhakika. Halafu ukaanza kutetema, mistari ikipandana. Mwaka 1919 ukakatika. Ukaja mwandiko mwengine, mdogo, ulionyooka, uliotungwa kwa uangalifu kama ushanga. Makosa yote yalikuwa ya huu mwandiko wa pili. Na alipoyatazama Shaikha alihisi uso unamwaka. Hapakuwa na nukta moja iliyopotea mahali pake. Hapakuwa na herufi moja iliyochanganywa na nyingine kwa sababu zinafanana sura, jambo ambalo Zuwena alilifanya kila siku. Zilizobadilishana ni zile zinazofanana kwa sauti katika sikio la Mswahili: sini imekaa pa sadi, kafu imekaa pa qafu, hee nyepesi imekaa pa ile nzito ya kooni. Aliyeandika alikuwa na macho mazuri sana na mkono mtulivu. Alikuwa akiandika alivyosikia.

Aliinua kichwa. Bi Wadha alikuwa mbele yake, amejifunika kanga mpaka machoni.

"Shangazi. Ni nani huyu?"

Bibi akasema, "Masouda."

Jina lile Shaikha hakuwahi kulisikia katika ukoo wao.

"Mzalia wa nyumba," Bi Wadha alisema. "Mama yake alinunuliwa, yeye akazaliwa jikoni kwetu. Uhuru wa watumwa ulipokuja hakuondoka, angekwenda wapi? Wavulana walikuwa wakisomeshwa barazani, yeye anatwanga nyuma ya mlango, na wanachosoma wao yeye anakiandika kwa mkaa sakafuni. Hakuna aliyejua. Babu yangu alipoingia giza machoni, ilikuja barua, wanawe wote wako safarini Unguja, akaanza kulia kwa hasira. Masouda akaichukua akamsomea. Miye sikuwa nimezaliwa bado, nimehadithiwa na yeye mwenyewe. Lakini baadaye nimeona kwa macho yangu. Kila mchana, watu wamelala. Babu anasema, Masouda anaandika. Miye nnawapepea."

"Na babu hakujua kwamba anakosea?"

"Angejuaje, mwanangu? Anatamka Kiarabu chake cha sawasawa, Masouda anakisikia kwa sikio lake la Kiswahili. Aliyeweza kumsahihisha hakuwa na macho."

Shaikha alikaa sakafuni kati ya karatasi. Alidhani hadithi imekwisha, na ilikuwa tayari inatosha kumwaibisha. Lakini Bi Wadha aliivuta kanga, akaendelea, na sauti yake ikawa nyembamba.

Sheikh alikuwa ametoa hukumu kwa barua, miezi mitatu kabla hajafa, kwamba shamba moja la mikarafuu ni la mjane na si la shemeji zake. Alipozikwa tu, mashemeji wakaileta barua barazani mbele ya watu. Wakasema, tazameni, hii haikuandikwa na Sheikh, au kama kaiandika hakuwa na akili zake. Wanawe Sheikh wakaulizwa: nani kaandika? Baba yake Bi Wadha alikuwa miongoni mwao. Wakatazamana. Kusema kwamba hukumu za Sheikh kwa miaka kumi na moja zimetoka katika mkono wa kijakazi, hilo hawakuliweza.

"Wakasema nini?"

"Wakasema kaandika mwenyewe. Wakasema mzee akili yake ilikuwa ishalegea, herufi zilikuwa zinampotea." Bi Wadha alimtazama mpwa wake kwa yale macho yaliyofifia. "Maneno yako yale yale. Umeyatoa gazetini kama uliyasikia siku ile."

Mjane alipoteza shamba. Masouda alikuwa nyuma ya mlango wakati yanasemwa, na Wadha, mtoto wa miaka tisa, alikuwa ameshikwa mkono naye. Masouda aliuminya mkono wa mtoto mpaka ukafa ganzi. Alasiri ile akatoka kwa mlango wa uani, na kanga zake mbili na kidau cha wino, na hakuonekana tena mjini Chake Chake wala vijijini. Baba yake Wadha akamwita mwanawe akamwambia kwamba akifungua mdomo, babu yake ataitwa mwongo kaburini. Na Wadha hakuufungua. Aliolewa, akafiwa, akayaona mapinduzi, akavuka bahari, akazika kila aliyejua. Miaka sitini na tisa.

"Nlidhani nikifa litakufa," alisema. "Kumbe weye umelifufua."

Siku ya pili yake Shaikha alikwenda Maskati kumwona Saeed. Alimsimulia yote ofisini, milango imefungwa, akamwambia anataka gazeti lisahihishe na jina la Masouda litajwe. Saeed alisikiliza akizungusha kikombe cha kahawa.

"Shangazi mzee," alisema hatimaye.

"Nyaraka si wazee, kaka. Zisome mwenyewe."

"Nakuamini. Ndiyo maana nakuomba uache." Alishusha sauti. "Shaikha, maradhi siku hizi si aibu. Watu wanampenda zaidi kwa maradhi yake. Wewe mwenyewe umewafundisha wampende. Lakini kwamba Sheikh Khalfan kaandikiwa fatwa na mtumwa, na wanawe wakasema uongo barazani, na mjane kadhulumiwa kwa uongo wao? Hao ni babu zetu. Baba yetu alilelewa na chumo la hao. Mwache mzee na kasoro yake."

Shaikha alimtazama kaka yake, mwanamume mwema, aliyemlipia masomo, na akaona jinsi mambo yale yalivyokuwa mepesi barazani mwaka ule. Hapakuwa na watu waovu. Palikuwa na watu wa heshima wanaotazamana.

Alirudi kituoni, na jambo gumu kuliko yote likawa linamsubiri: Zuwena, na daftari lake mezani.

"Zuwena," alisema, "nataka kukwambia jambo kuhusu Sheikh. Hakuwa na ugumu wa kusoma. Nilikosea."

Mtoto alilifunga jalada, kana kwamba ile picha iliyokuwa ndani inasikia. "Lakini makosa si yapo?"

"Yapo. Aliyeandika si yeye. Ni mwanamke aitwaye Masouda, aliyejifundisha mwenyewe nyuma ya mlango. Wala na yeye hakuwa na ugumu huo. Alikuwa akiandika alivyosikia."

"Kwa hivyo Mwalimu ulisema tu."

"Nilidhani. Niliona nyaraka nne tu nikataka iwe hivyo."

Zuwena aligeuka akatazama bango. "Na hawa? Na hawa mlidhani?"

Pauline, aliyekuwa akipanga vitabu, alisimama. Shaikha angeweza kusema uongo mdogo hapo. Aliuona ukiwa tayari mdomoni, mtamu kabisa.

"Wengi wao, ndiyo. Hakuna anayejua. Hakuna aliyewapima."

Zuwena alivikusanya vitu vyake taratibu, kalamu kwa kalamu. "Basi aliyepimwa ni mimi tu," alisema, akateremka ngazi kumsubiri mama yake.

Hakuja kwa wiki tano. Pauline alikasirika na hakuficha. "Ungengoja amalize mwaka," alisema. "Ukweli wako umesaidia nani sasa?" Pauline hakuliondoa bango. Zuwena aliporudi, mama yake akimsukuma begani, alikuwa ameibandua ile picha. Gundi yake ilibaki jaladani kama kidonda. Akaketi akasoma. Alisoma vizuri kuliko zamani, kusema kweli, lakini alisoma kama mtu anayebeba maji, na hakumuuliza Shaikha swali lolote tena.

Shaikha aliandika kwa gazeti barua mbili. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilitoka mistari minne chini ya matangazo ya magari, bila jina la Masouda. Kijikaratasi alikichapisha upya bila Sheikh, lakini vile vya kwanza vilikuwa vimeshakwenda Sur na Salalah na Dubai. Miaka saba baadaye, intaneti ilipoingia kila nyumba, alimkuta Sheikh Khalfan katika orodha moja kwa Kiingereza, baina ya jemadari na mvumbuzi wa taa. Aliwaandikia wenye orodha. Hawakumjibu, na orodha ikaendelea kunakiliwa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mwaka ule wa 1999, mpaka joto lilipopungua, mkwaruzo haukukoma. Shaikha alizoea kuketi na shangazi yake ukumbini mchana, wote wawili sakafuni, wakisikiliza. Hofu yake ilikuwa imegeuka kitu kingine, kizito zaidi, kama anachokihisi mtu aliyeitwa mahakamani akakuta kesi haianzi.

"Nimesema kwa kaka, nimesema gazetini," alimwambia Bi Wadha. "Anataka nini zaidi?"

"Hajatajwa," Bi Wadha alisema. "Umemtaja kwa Saeed kama shitaka. Umemtaja kwa mtoto kama udhuru. Hajapata kuombewa na mtu. Wanangu nimewasomea, wazee nimewasomea, na yeye aliyenifundisha kuisoma hiyo Qurani sijamsomea hata Yasini moja. Nliogopa nikilitia jina lake katika dua watu watauliza ni nani."

Basi wakamfanyia hitima, Alhamisi moja ya mwezi wa Oktoba. Saeed hakuja na hakumruhusu mkewe kuja. Walikuja wanawake kumi na wanne, wengi wao majirani na watu wa Pemba wa zamani, na Pauline akaja pia, mtandio kichwani, akakaa karibu na mlango akisaidia kupitisha maji. Juzuu ziligawanywa. Bi Wadha hakuweza tena kuona herufi, akasoma kwa moyo, na Shaikha alisikia katika kisomo chake zile hee nyepesi mahali pa nzito, na sini mahali pa sadi, kama alivyofundishwa.

Walipomaliza, Bi Thuwaiba, mwalimu wa chuo cha wanawake aliyeongoza kisomo, aliinua mikono kuomba dua. Kisha akaishusha kidogo akageuka.

"Marehemu ni Masouda binti nani?"

Wanawake wakamtazama Shaikha, Shaikha akamtazama shangazi yake. Midomo ya Bi Wadha ilikuwa ikienda bila sauti.

"Sijui," alisema. "Miaka tisa alinilaza mgongoni pake. Sikumuuliza. Hatukumuuliza."

"Mwite binti Abdallah," mtu mmoja alisema kwa upole kutoka nyuma. "Ndivyo walivyokuwa wakiitwa watumwa wote."

"Hapana!" Bi Wadha aliruka kwa sauti ambayo Shaikha hakujua kuwa bado anayo. "Hilo hapana. Hilo walipewa na watu wasiotaka kujua."

Bi Thuwaiba alifikiri, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi tumwite kwa mama yetu sote," akainua mikono tena. "Allahumma, mrehemu mja wako Masouda binti Hawaa."

Wakaitikia amina. Dua ilipokwisha wakajifuta nyuso, kahawa ikaletwa na halua ikafunuliwa, mazungumzo yakaanza hapa na pale. Bi Wadha alibaki vile vile, mikono juu, viganja wazi, na hakuna mmoja wao aliyethubutu kumwambia aishushe.